Kuchanganya Askari wa Kampuni Tofauti kwenye Meza Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mchezaji wa vita vya mezani, anayepigana kwa sanamu ndogo za askari, hufika siku ambayo kampuni ya kutengeneza sanamu aliyoizoea haina anachokitafuta. Ana askari wa miguu mia moja, hana mpiga ngoma. Ana bunduki na singe za kutosha, hana mzinga hata mmoja. Ndipo huanza kuchungulia visanduku vya kampuni nyingine na kujiuliza: je, hawa watasimama na wale bila kuchekesha? Majibu yafuatayo yametoka kwenye rula, kisu na, mara kadhaa, majuto.

Visanduku viwili vyote vimeandikwa milimita 28. Mbona askari wa hiki anamfika yule begani?

Kwa sababu watengenezaji hawajakubaliana milimita hizo zianzie wapi na ziishie wapi. Wapo wanaopima kutoka unyayoni hadi utosini. Wapo wanaoishia kwenye macho, hoja yao ikiwa kwamba askari huvaa kofia na utosi wake hauonekani.

Chukua mtu wa mita 1.70. Akichongwa awe na milimita 28 hadi utosini, amepunguzwa mara 61 hivi. Akichongwa awe na milimita 28 hadi machoni, amepunguzwa mara 57 hivi, na utosi wake utafika milimita 30. Wote wawili ni wa 28, na hakuna aliyekudanganya.

Isitoshe, kipimo chenyewe kimekuwa kikirefuka mwaka hadi mwaka. Askari wa bati wa Hinchliffe na Minifigs wa miaka ya 1970 waliuzwa kama wa milimita 25. Baadaye 25 ikawa 28, na leo wapo wanaouzwa kwa jina la 28 huku rula ikisema 32. Ukirithi mkusanyo wa mzee fulani, usitarajie uendane na kisanduku ulichonunua jana.

Basi nifuate uwiano, kama 1/72 au 1/56? Si ni hesabu tupu?

Kwa vifaru, ndege na malori, ndiyo. Chombo kina urefu unaojulikana, unagawanya, basi. Kwa binadamu, uwiano unakusaidia nusu ya njia tu. Katika 1/72 mtu wa mita 1.60 anakuwa na milimita 22, na mtu wa mita 1.85 anakaribia 26. Hao ni wanaume wawili wa kawaida unaoweza kuwakuta katika kikosi kimoja, na tofauti yao mezani ni zaidi ya milimita 3.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanapanga askari wa kampuni mbili bega kwa bega, wanaona mmoja ni mrefu, wanakata tamaa. Urefu tofauti si kosa. Jeshi lolote lina warefu na wafupi.

Sasa nipime nini?

Pima vitu ambavyo kwa watu halisi havibadiliki sana: kichwa, mkono na silaha.

Kichwa cha mtu mzima, kutoka kidevuni hadi utosini, ni sentimita 23 hivi, awe mrefu au mfupi. Katika 1/56 hiyo ni milimita 4 na kidogo. Katika 1/72 ni milimita 3 na kidogo. Nikikuta sanamu ya milimita 28 yenye kichwa cha milimita 5 na nusu, najua tayari kwamba haitakaa na askari wembamba, hata kama urefu wao unalingana hadi nywele ya mwisho. Jicho linasamehe kimo, ila halisamehi kichwa kikubwa kama boga kando ya kichwa cha kawaida.

Silaha ndiyo shahidi mzuri kuliko wote, kwa kuwa zilitengenezwa kiwandani kwa urefu mmoja. Bunduki ya Lee-Enfield ya Waingereza ilikuwa na sentimita 113. Mauser 98k ya Wajerumani, sentimita 111. Katika 1/56 zote mbili zinakuwa na milimita 20 hivi, na katika 1/72 zinakaribia 16. Bunduki za gumegume za enzi za Napoleon zilifika mita moja na nusu bila singe: milimita 27 katika 1/56, na 21 katika 1/72. Askari wawili wakishika bunduki ya aina moja, na ya huyu ni ndefu kwa robo kuliko ya yule, mtazamaji atahisi kuna jambo hata asipojua ni nini.

Unene wa silaha nao utazame. Mitutu ya sanamu za bati huchongwa minene ili chuma kijae kwenye kalibu na isipinde ovyo, wakati plastiki ngumu inaweza kubeba mtutu mwembamba kama sindano. Ukiwachanganya katika safu moja, wale wa bati wataonekana wamebeba mabomba ya maji.

Nina utaratibu wangu: nunua mmoja, au omba mmoja kwa rafiki, kabla ya kununua hamsini. Msimamishe katikati ya wako wawili, rudi nyuma urefu wa mkono, kisha mtazame tena kutoka umbali unaosimama ukicheza. Picha za kulinganisha husaidia, mradi askari wamesimama kwenye mstari mmoja na mpiga picha hakuinamisha kamera. Picha iliyopigwa kwa karibu humfanya aliye mbele aonekane jitu.

Nasikia watu wakisema sanamu za "kishujaa". Ndio nini hao?

Ni mtindo wa kuchonga ambao vichwa, viganja na silaha vinakuzwa makusudi ili uso usomeke kutoka mbali na brashi ipate pa kushika. Sanamu za njozi za Games Workshop zimeufanya mtindo huo ujulikane sana, na baadhi ya wachongaji wa historia wanaufuata kwa kiasi. Kinyume chake ni mtindo wa maumbile halisi, ambao kila kiungo kimepunguzwa sawasawa.

Mitindo yote miwili ina wapenzi wake na sitaingia kwenye ugomvi huo. Ninalosema ni hili: mitindo miwili haioani hata nambari zikifanana, na mtindo mmoja huoana hata nambari zikipishana kidogo. Kama ni lazima nichague kati ya tofauti ya milimita 2 za kimo na tofauti ya mtindo, nachukua ya kimo bila kufikiri mara mbili.

Katika milimita 28, nani anakaa na nani?

Perry Miniatures ni wembamba, wenye maumbile ya kweli. Waanzilishi wake, ndugu pacha Alan na Michael Perry, walichonga sanamu nyingi za Wargames Foundry kabla ya kuanzisha kampuni yao, kwa hiyo mkono ule ule unaonekana pande zote mbili. Wa Foundry wa zamani huwa wafupi kidogo, lakini katika vikosi tofauti hakuna atakayeuliza.

Victrix ni warefu kidogo na wana mikono mipana zaidi kuliko Perry. Mimi nawaweka katika bataliani zao wenyewe, wakipigana upande mmoja na Perry, na meza inapendeza. Kuwachanganya ndani ya safu moja inawezekana, ila anza na vichwa. Weka vichwa vya kampuni moja kwenye miili ya pande zote mbili na nusu ya tofauti itapotea.

Front Rank ni wanene, mashavu yamejaa, kama watu wasiowahi kukosa mlo. Ni sanamu nzuri ajabu na zinapakika rangi kwa raha. Lakini ukimweka mmoja wao kati ya Perry wawili, ataonekana baba yao. Wape brigedi nzima.

Warlord Games hawana jibu moja. Kampuni hiyo imekusanya sanamu za wachongaji wengi, nyingine imezinunua kutoka kwa watengenezaji waliotangulia, kwa hiyo usiulize "Warlord wakoje?" Uliza kisanduku kipi. Na usichanganye askari wake wa 28 na wale wa mfululizo wa Epic Battles, ambao ni wa milimita 13.5 na wanatoka kwenye fremu ya plastiki ya kiwandani wakiwa wameshikana safu nzima.

Na wa plastiki laini wa 1/72?

Huku kuna msitu mkubwa zaidi, na bei nafuu huwafanya watu wanunue kwanza, wapime baadaye.

Airfix walianza kuuza visanduku vya askari mwaka 1959, wakilenga meza za treni za kuchezea za H0 na 00, yaani kati ya 1/87 na 1/76. Ndiyo maana seti zao za mwanzo ni za watu wadogo na wembamba, na zile za baadaye zimekua. Esci wa Italia walichonga 1/72 iliyonyooka, na kalibu zao nyingi zikaishia kwa Italeri. Kwa hiyo ukiona kisanduku cha Italeri na kisanduku chakavu cha Esci, huenda unatazama askari wale wale wenye jina jipya. Zvezda wa Urusi wana michongo safi sana. Caesar wa Taiwan ni warefu, wamesimama vizuri, na hukaa na Zvezda bila matatizo. HaT huwa wembamba, na hutofautiana seti hadi seti kwa kuwa wachongaji ni wengi. Strelets ni wanene, wana sura za ajabu na wapenzi sugu. Wapange peke yao.

Ukiwa na Airfix wa zamani na Caesar kwenye meza moja, waweke mbali. Tofauti inaweza kupita milimita 3, na katika kimo hicho milimita 3 ni kama sentimita 20 za mtu halisi.

Milimita 15 ni rahisi zaidi?

Kidogo. Wa zamani kama Essex ni 15 kweli. Wa AB, waliochongwa na Anthony Barton, ni 18 na pengine ndio wenye maumbile mazuri kuliko wote katika kimo hicho. Kwa vita vya pili vya dunia mambo yametulia zaidi kwa sababu vyombo vimesimama kwenye 1/100: Battlefront, Plastic Soldier Company na Zvezda wote wana vifaru vya uwiano huo, na vinapangwa pamoja bila shida.

Na milimita 6 na 10?

Changanya. Wa GHQ ni 1/285, wa Heroics & Ros ni 1/300, na tofauti yao kwa askari ni thuluthi moja ya milimita. Baccus ni wanene zaidi, waweke kwenye vitako vyao, yaani vibao vya chini wanavyosimamia. Kwa vifaru tu ndipo tazama, kwani viwili vya aina moja vikikaa ubavu kwa ubavu utaona kimoja ni kidogo.

Farasi je? Naona kila mtu analalamika kuhusu farasi.

Wana haki ya kulalamika. Farasi wa kijeshi wa kawaida alikuwa na sentimita 150 hivi hadi mgongoni, pale shingo inapoanza. Katika 1/56 hiyo ni milimita 27, yaani mgongo wa farasi unafika karibu na macho ya askari aliyesimama kando yake. Wachongaji wengine huchonga farasi wa mbio, wengine punda mwenye tandiko.

Kanuni yangu moja isiyovunjika: mpanda farasi akae kwenye farasi wa kampuni yake. Tandiko huchongwa kwa paja fulani, na paja la kampuni nyingine litaelea hewani au litapasua ubavu wa farasi. Niliwahi kununua wapanda farasi kumi na wawili wasio na farasi, kwa kuwa walikuwa nafuu, nikiamini nitawakalisha kwenye farasi niliokuwa nao. Nilitumia majuma mawili nikisugua mapaja kwa tupa, na mwisho wao wakawa majeruhi waliolala chini, kila mmoja na miguu yake imetanuka.

Kikosi kizima cha wapanda farasi wa kampuni nyingine, na farasi wao, hakina neno. Meza ina nafasi ya farasi wakubwa na wadogo. Kwa wapanda farasi wazito waliovaa ngao za kifua, hata inafaa wawe wakubwa, kwani vikosi hivyo vilichaguliwa watu na farasi wakubwa.

Vifaru vya 1/56 au vya 1/48 kwa askari wa 28?

Swali hili limevunja urafiki. Kifaru cha Sherman kina mita 5.84 hivi. Katika 1/56 kinakuwa na milimita 104, katika 1/48 milimita 122, katika 1/72 milimita 81. Kwa hesabu, askari wa 28 ni wa 1/56, na Rubicon, Warlord na Italeri wote wanatoa vyombo vya uwiano huo.

Wanaotetea 1/48 wana hoja mbili. Kwanza, askari amesimama juu ya kitako cha milimita 2 au 3 na kifaru hakina kitako, hivyo askari anaonekana mrefu mno pembeni yake. Pili, Tamiya wanatoa 1/48 nzuri sana. Hoja ya kwanza naikubali, na dawa yake ni kitako chembamba. Ya pili naielewa. Lakini 1/48 inakula meza. Vifaru vinne vya 1/48 barabarani na kijiji kimejaa.

Chagua uwiano mmoja kwa vifaru vyote. Malori na magari ya jeep ya 1/48 kati ya vifaru vya 1/56 ni kitu kibaya zaidi kuliko kosa lolote la askari, maana kila mtu anajua lori likoje kando ya kifaru.

Nyumba na mizinga?

Nyumba ziwe za uwiano mdogo kuliko wa askari, hilo ni la kawaida na linafaa, kwa sababu nyumba ya kipimo kamili inamiliki robo ya meza. Tazama mlango tu: askari bila kitako apite bila kuinama. Mizinga iwe ya kampuni ya wapiga mizinga wake, kwa sababu mikono yao imechongwa kushika magurudumu na vijiti vya urefu fulani.

Vitako vinaweza kuficha tofauti?

Vinaficha kuliko unavyodhani, na vinafichua vile vile. Askari mfupi akipandishwa juu ya kipande cha kadi cha milimita 1 chini ya nyayo, kisha mchanga na nyasi zikafunika, amekua bila mtu kujua. Wa bati huja na kitako kidogo kilichoshikana na miguu. Ukikigundisha juu ya kitako kingine bila kukisawazisha, umemwongezea milimita 2 bila kukusudia. Kisugue kiwe chembamba, au jaza udongo pembezoni.

Wa kampuni zote wapate kitako cha umbo moja, unene mmoja, mchanga mmoja na rangi moja ya ukingo. Jicho likiona ardhi moja huamini jeshi moja. Tazama pia kanuni unazocheza: katika DBA, kanuni za vita vya kale, kwa mfano, kitako cha askari wa 15 kina upana wa milimita 40 na cha wa 25 kina milimita 60, na wanene wanne wa milimita 18 kwenye 40 watabanana viwiko.

Sare zao zinaoana?

Hili watu hulisahau wakihangaika na milimita. Askari wanaweza kulingana kabisa kwa kimo, na bado wakawa wa miaka tofauti.

Waingereza wa vita vya Napoleon walibadilishiwa kofia ndefu mwaka 1812, ingawa ile ya zamani iliendelea kuonekana vitani baadaye. Wafaransa nao walipata kanuni mpya za sare mwaka huo huo, koti likafupishwa na kufungwa hadi kiunoni. Askari wa Urusi ya Kisovieti alianza kuvaa vipande vya mabegani vyenye alama za vyeo mwaka 1943, kwa hiyo kisanduku kimoja kinaweza kuwa cha Moscow 1941 na kingine cha Berlin 1945. Wamarekani waliingia vitani mwaka 1941 wakiwa bado na kofia bapa za chuma katika vikosi kadhaa, kabla ya ile ya duara ya M1 kuenea.

Koti kubwa la baridi, turubai mgongoni na kofia iliyofunikwa kitambaa ni marafiki wa mchanganyaji. Vinaficha vifungo, kola na mwaka.

Gundi na rangi?

Plastiki ngumu: gundi ya plastiki, inayeyusha na kuunganisha. Bati na resini: gundi ya papo hapo. Plastiki laini ya 1/72 haishiki gundi kwa urahisi. Kichwa unachokibadilisha kitobolee na ukipigie kipini cha waya. Ioshe kwa sabuni kabla ya rangi. Halafu wapake askari wa kampuni zote kwa siku moja, kutoka kwenye vikopo vile vile. Buluu mbili zinazopishana hutenganisha vikosi kuliko vimo viwili.

Nina printa ya 3D. Si nipunguze tu faili?

Unaweza, na hesabu ni nyepesi. Kutoka 32 kwenda 28, weka asilimia 87.5. Kutoka 28 kwenda 15, asilimia 54 hivi. Kutoka 1/72 kwenda 1/56, asilimia 129. Kasoro ni kwamba kila kitu kinapungua pamoja. Mtutu uliokuwa na milimita 1 unabaki na nusu, na utavunjika unapoondoa viegemeo, vile vijiti vinavyoshikilia sanamu ikichapishwa. Ukikuza nako, unapata askari mnene mwenye mikunjo mikubwa ya nguo. Ukipunguza sana, nenepesha silaha kwenye faili kwanza.

Nimeshanunua. Hawaoani kabisa. Nifanyeje?

Wape kikosi chao. Kama ni wachache mno, wafanye waangalizi juu ya kilima, walinzi wa daraja, wabeba majeruhi nyuma ya safu. Wakubwa wawe maofisa na wabeba bendera, wadogo wawe wapiga ngoma na wapiga tarumbeta, ambao katika majeshi mengi ya zamani walikuwa vijana wadogo kweli. Jenerali mwenye kimo cha kupindukia juu ya kitako chake peke yake hajawahi kumsumbua mtu. Na waliobaki wakate vichwa, mikoba na silaha, uvitie kwenye kisanduku cha vipuri. Utavihitaji utakapokosa mpiga ngoma mwingine.